Kusoma Si Kuimba

Mdogo wangu wa kike alifariki wakati karanga zake zikiwa zimeng'olewa na kulazwa shambani, mizizi juu, zikisubiri kukauka. Majirani ndio waliozikusanya. Wengine walichimba kaburi, wengine wakachambua karanga, na tuliporudi kutoka kuzika nikakuta magunia yamepangwa ghalani kwangu, midomo imefungwa kwa kamba. Sikuyagusa. Kila siku nilikuwa naingia ghalani kuchukua jembe, nalitazama jembe, natoka.

Pamoja na magunia hayo aliniachia binti yake.

Alikuwa kidato cha pili kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alifeli, mama yake akiwa kitandani, yeye ndiye anamkorogea uji na kumwogesha. Kila mtu nyumbani alijua kwamba akifeli tena hakuna mara ya tatu, shule imeishia hapo. Kaka yetu anayeishi Kasekese alilisema wazi siku watu walipotawanyika msibani.

"Mimi sina ubaya naye," alisema. "Asome. Akipita nitampigia makofi. Asipopita, mwezi wa kwanza nakuja kumchukua. Mke wangu ana cherehani, atamfundisha kushona. Ni bora kuliko kukaa hapa Kasokola na nyie wanawake wawili mnaolia."

"Hatulii," Shangazi akamwambia.

"Basi mnanyamaza. Ni yale yale."

Shangazi ni dada wa marehemu baba yetu. Nyumba yake iko nyuma ya yangu, na uwanja tunafagia mmoja. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, na mambo mengi ya huko aliyoacha kwa lazima amekubali yaende, lakini kilio hakubali kichezewe. Kwetu mtu akifa, nyumba inakaa na kilio chake mpaka siku ya kuganduka, siku ambayo ukoo unakusanyika, pombe ya mtama inanywewa, na waliobaki wanaruhusiwa kucheka tena. Hiyo huja baada ya mwaka hivi. Kabla ya hapo hakuna ngoma, hakuna kuimba, hakuna vigelegele, na hata kuitana kwa sauti kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda wa pili Shangazi hapendi. Redio yangu niliifunika kitenge nikaiweka juu ya kabati.

Kwangu haikuwa shida. Mimi si mtu wa kelele. Msibani sikulia sana, nilikuja kulia siku nyingine kabisa, nikipepeta maharage, na nikaendelea kupepeta.

Mtoto nilimpa chumba cha ndani, chenye meza na dirisha dogo. Nikamwambia, "Sitaki ushike jembe. Sitaki ushike ungo. Maji nitachota mimi. Kazi yako ni kusoma." Nikafunga mlango. Nyumba yenye kilio na nyumba yenye mwanafunzi nilidhani zinataka kitu kimoja, yaani kimya. Mimi niliishia darasa la saba, na nilichokumbuka kuhusu kusoma ni mwalimu kugonga meza na kusema tunyamaze. Shangazi alikubaliana na mimi. Alikuwa akipita karibu na dirisha lile ananyata, mzee wa miaka ile, viatu mkononi.

Kwa hiyo alikaa kimya. Nikichungulia namkuta ameinamia daftari. Nikichungulia tena, daftari liko ukurasa ule ule. Mara nyingine alikuwa amelala, shavu juu ya ramani ya Afrika, wino umemwandika. Mara nyingine simu ndogo ya mama yake iko sikioni, inaimba Bongo Fleva kwa sauti ya mbu.

"Shikamoo, msanii," nikamwambia siku hiyo.

Akaruka. "Marahaba. Aa, samahani, mama mkubwa! Nilikuwa napumzika."

"Umechoka kufanya nini?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijui," akasema.

Nilichukua simu nikaificha kwenye pipa la unga. Haikusaidia. Alihama kutoka kwenye simu kwenda ukutani, akawa anatazama ukuta.

Katikati ya mwaka mwalimu wake wa darasa aliniita. Alikuwa kijana mpole, mwenye chaki kwenye nywele. Akaniambia majaribio yote ya muhula huo amefeli.

"Mama, nyumbani anasoma saa ngapi?"

"Muda wote, mwalimu. Hafanyi kazi nyingine yoyote."

"Unamsikia?"

"Hapana. Anasoma kimya, vizuri sana."

Mwalimu akanitazama kama mtu anayetaka kusema kitu halafu anaona umevaa kanga nyeusi. "Haya, mama," akasema. "Mtie moyo."

Nikarudi nyumbani kwa miguu nikiwaza namna ya kumtia moyo. Sikuijua. Nilichojua ni kwamba sikutaka aende Kasekese. Cherehani si kitu kibaya, na kaka yetu si mtu mbaya. Lakini mtoto yule akipita uwanjani kwenda shule, ukimtazama kwa nyuma, ni mdogo wangu mtupu, bega la kushoto limeshuka kidogo kama limesahau kitu chini. Nilitaka afaulu kwa ajili yake, ndiyo. Sitadanganya, nilitaka pia kwa ajili yangu.

Jua likazidi kuwa kali, kisha mawingu ya kwanza yakaanza kujikusanya mchana na kutawanyika jioni. Shangazi akaja akasimama mlangoni mwa ghala.

"Zile karanga zitaota zenyewe humo ndani?"

"Nitazifungua."

"Lini? Mvua haikungojei umalize kuhuzunika. Fungua, tumenye mbegu."

Karanga za kula unaweza kuziacha ndani ya gunia ukazipiga kwa fimbo, zikivunjika si neno. Za mbegu zinamenywa kwa vidole, moja moja, maana ikichubuka ngozi haioti. Ni kazi ya kukaa. Nikatandika mkeka chini ya paa la ghala, nikaburuta gunia, nikafungua ile kamba. Harufu ya udongo wa shamba lake ikatoka. 

Mtoto alitoka ndani kunywa maji. Akaliona gunia. Akaja akakaa mkekani, akachota konzi moja akalimwaga mapajani, akaanza kumenya.

"Rudi ukasome," nikamwambia.

"Nasoma."

Nilidhani ananifanyia jeuri, lakini midomo yake ilikuwa inakwenda. Alibonyeza ganda, likalia, akatoa mbegu, na alipokaribia kumaliza konzi lake akasema sentensi ndefu ya Kiingereza, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kisha akanitazama.

"Nini?" nikamuuliza.

"Sema 'kwa hiyo'."

"Kwa hiyo nini?"

"Sema hivyo tu, mama mkubwa. Kama unauliza."

"Kwa hiyo?"

Akashusha pumzi. "Kwa hiyo jani ndilo jiko la mmea. Linachukua hewa, maji na jua, linapika chakula chake lenyewe. Ndiyo maana ukilifunika linageuka njano." Akatupa ganda. "Nimemaliza konzi. Sasa zamu yako, chota."

Hapo ndipo nilipojua walivyokuwa wakiishi, yeye na mama yake. Kila konzi la karanga, au la maharage, au la mahindi ya kupukuchua, lilikuwa na deni la neno moja la darasani. Mtoto analisema kwa Kiingereza, kama lilivyo kwenye daftari, kisha mama anauliza, kwa hiyo? na mtoto analieleza kwa Kiswahili mpaka lieleweke. Akikwama, anamenya na konzi la mama. Walifanya hivyo tangu akiwa shule ya msingi. Mama alipolala kitandani mikono ikaacha kumenya, na maneno nayo yakaisha.

"Na mama yako alikuwa anaelewa yote hayo?"

"Nusu. Nusu nyingine alikuwa ananidanganya."

"Ulijuaje?"

"Akidanganya alikuwa anasema 'sawasawa' mara mbili."

Ni kweli. Mdogo wangu tangu utoto alikuwa anasema sawasawa, sawasawa, akiwa hajakusikia hata kidogo. Nikainama nikatafuta karanga iliyodondoka, ambayo haikuwepo.

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ulisema ninyamaze," akajibu, bila ubaya wowote. "Na nyumba ina kilio."

Tukaendelea. Konzi kwa konzi sauti yake ikapanda, kwa sababu ukieleza kitu unachokijua, sauti inapanda yenyewe. Alikuwa katikati ya mvua za Ikweta, mikono hewani akinionyesha hewa ya moto inavyopaa, nami nasema "Kwa hiyo? Kwa hiyo?", tulipomwona Shangazi amesimama kwenye kona ya ghala, fimbo mkononi.

"Yemwe! Mmeshaganduka bila mimi?"

Mtoto akashusha mikono. Nikaanza kueleza, nikaeleza vibaya. Nikasema ni masomo, nikasema mtihani uko karibu, nikasema mwalimu alilalamika.

"Nimesikia kelele toka nyumbani kwangu. Majirani wamesikia. Kesho watasema kwa fulani wameshamsahau marehemu, wanapiga shangwe juu ya karanga zake."

"Shangazi, si shangwe. Anasoma."

"Kusoma gani kwa mikono?"

Mtoto akasema, kwa sauti ndogo, "Bibi, ni mvua."

"Mvua ndiyo nini?"

"Jinsi inavyotengenezwa."

Shangazi akamtazama. Akatazama gunia. Nilimwona akigeuza jambo lile kichwani, maana yeye si mtu wa kukataa tu. Akikataa anataka awe na sababu, na akikubali vile vile.

"Siku ya mazishi," akasema mwishoni, "katekista alisoma kwa sauti?"

"Alisoma."

"Kwa sauti kubwa?"

"Watu wa nyuma walisikia."

"Na hakuna aliyesema ameimba." Akaegemeza fimbo ukutani. "Basi kusoma si kuimba. Kusoma kunaruhusiwa. Lakini mkicheka, nitasikia." Akakaa mkekani kwa taabu, goti moja kwanza, akanyoosha miguu. "Nipe konzi. Na wewe, mwana wanje, mwanangu, rudia hiyo mvua. Sijaielewa."

Toka siku hiyo ikawa kazi ya kila siku. Akitoka shule anakula, anavua sare, anakuja mkekani wakati jua limeinama upande wa pili wa ghala na kivuli kimetosha watu watatu. Tunamenya mpaka saa ya kuchota maji, na maji alichota yeye. Nilimrudishia kazi zake zote, ungo, ufagio na ndoo, na sijui kwa nini, lakini alionekana mwepesi zaidi akiwa nazo. Siku asipokuja mkekani mwenyewe, Shangazi hakumwita. Alichukua tu konzi lake, akamenya, akasema hewani, "Mimi leo sijui chochote." Mtoto alikuwa anatoka mbio.

Shangazi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Alihukumu kwa sikio. Mtoto akisema sentensi ikateleza vizuri, Shangazi anatikisa kichwa. Ikiyumba kidogo, anainua kidole.

"Hapo umedanganya."

"Bibi, sijadanganya, nimemeza mate!"

"Meza kabla. Menya na langu."

Kuna siku mtoto alitunga upuuzi mtupu, maneno yasiyokuwepo, akayatamka kwa sauti ya hakimu, na Shangazi akampitisha bila kusita. Mimi nilishuku nilipoona mabega ya mtoto yanatikisika. Aliinamisha uso kwenye ungo mpaka kicheko kikapita. Shangazi akauliza, "Analia?" Nikasema ndiyo. "Mwache," akasema kwa upole. "Ni mama yake." Nikamwachia yule mzee imani yake. Na nadhani hakukosea kabisa, kwa sababu mtoto alipoinua uso, macho yalikuwa na yote mawili.

Sitaki kusema karanga zilifundisha kila kitu. Hisabati haikukubali. Hisabati inataka kalamu, huwezi kuidai kwa konzi, na hapo mimi na Shangazi tulikuwa watazamaji tu. Alikuwa anapitia kwa mwenzake wa darasani kabla ya shule, anarudi ameudhika. Fizikia vile vile. Kiingereza chenyewe kilikwenda kwa kuchechemea. Lakini daftari lilianza kugeuka kurasa. Usingizi juu ya ramani ulikwisha. Siku moja nilifukua pipa la unga kumrudishia simu, akaitazama, akaifuta, akasema, "Weka tu mpaka nimalize." Nikairudisha kwenye unga.

Magunia yakapungua. Nilitegemea kwamba yakiisha itaniuma, na iliuma. Mdogo wangu alizilima karanga zile ugonjwa ulipomwachia kidogo, akiwa bado anashika kiuno kila anaponyanyuka. Kumenya la mwisho ilikuwa kama kumsindikiza mahali pengine tena. Lakini lile gunia la mwisho tulilimaliza mtoto akieleza figo inavyochuja damu, na Shangazi anabisha kwamba figo haiwezi kufanya kazi zote hizo peke yake, na katika mabishano yale nikajikuta nimekunja gunia tupu, nimeliweka juu ya mengine, bila kusita.

Alifanya mtihani, mvua zikaanza, tukapanda. Sasa maharage ndiyo yalikuwa ya kupepeta, na desturi ikaendelea juu ya maharage ingawa hapakuwa na mtihani tena. Alieleza mambo ya kidato cha tatu kutoka kwenye kitabu alichoazima, kama mtu aliyekwisha kupita.  Karanga zikatoa majani. Nilikuwa nakwenda shambani mapema kuliko kazi ilivyohitaji.

Mwezi wa kwanza kaka yetu akaja, kama alivyosema. Alikuja na pikipiki, kamba ya kufungia mzigo imeviringishwa nyuma ya kiti, nami nikaiona kamba kabla sijamwona yeye. Alimletea Shangazi sukari. Akakaa kwenye kigoda, akaulizia shamba, akaulizia mgongo wa Shangazi, akaulizia kila kitu isipokuwa hicho.

"Matokeo yametoka toka asubuhi," nikamwambia mimi mwenyewe. "Amekwenda shule kuyaangalia."

"Najua. Nimesikia njiani." Akajikuna kidevu. "Dada, sikuja kwa ugomvi. Vyovyote itakavyokuwa, mtoto ni wetu sote."

"Najua."

"Chumba kimeshafagiliwa kule. Mke wangu amefurahi kupata mwenzake."

"Mshukuru."

Shangazi alikuwa anachagua mawe kwenye maharage. Hakuinua kichwa, lakini mawe hakuwa anayatoa. Nilimwona akilishika jiwe lile lile na kulirudisha.

Mtoto akatokea kwenye njia ya mahindi. Hakukimbia. Alitembea haraka, mkono wa kulia umefungwa ngumi mbele yake kama amebeba maji, na bega la kushoto limeshuka. Akaja akasimama katikati ya uwanja, akamsalimu mjomba wake, akamsalimu Shangazi. Kisha akafungua kiganja. Alikuwa ameandika humo kwa kalamu ya wino, kwa sababu mbele ya ubao wa matangazo walikuwa wengi na hakuwa na karatasi. Jasho lilikuwa limeanza kuyayeyusha maandishi.

"Nimefaulu," akasema.

Kaka yetu akasimama. Aliinua mikono yote miwili, na ninaamini kutoka moyoni angepiga makofi ya kusikika mpaka barabarani. Nami kifuani nilikuwa na kigelegele, nilikihisi kimefika kooni. Shangazi akanyanyua kidole.

"Hapana. Nyumba haijaganduka."

"Shangazi, hata leo?" kaka akamuuliza.

"Hata leo. Mama yake bado yuko humu ndani." Mikono ya kaka ikabaki hewani, haijui iende wapi. Shangazi akasukuma ungo pembeni, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akamgeukia mtoto. "Lakini kusoma kunaruhusiwa. Soma. Kwa sauti, kama katekista."

Mtoto akanyoosha kiganja juani, akasoma. Kiswahili, B. Baiolojia, C. Jiografia, C. Historia, C. Uraia, Kemia na Kiingereza, D. Fizikia, F. Hisabati, F. Divisheni ya tatu.

"Hizo F nazo ni za kufaulu?" Shangazi akauliza.

"Hapana, bibi."

"Zisome vile vile. Soma tena yote. Jirani wa ng'ambo hajasikia."

Akasoma tena. Kaka yetu alikuwa amesimama karibu naye, anafuata maandishi kwa macho juu ya kiganja kile, midomo inakwenda. Alipofika mwisho, kaka akasema, "Isome tena hiyo ya Baiolojia," na sauti yake haikuwa ya kawaida. Mtoto akasoma kwa mara nyingine, sasa kwa sauti kubwa kabisa, bila mtu kumwambia, kuku wakahama uwanjani, na jirani wa ng'ambo akatoka akasimama mlangoni kwake, mkono mdomoni.

Alipomaliza alinitazama mimi.  Nilijua anachosubiri.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo nabaki," akasema.